Neno Ulilotaka Lisifike Tanga

Mzee Shomari,

Nimesema. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka weee, na wewe unanijua nikianza kuzunguka. Lile neno uliloniapisha lisifike Tanga limefika. Limefika kwa mdomo wangu, Ijumaa iliyopita, kwa simu, na aliyelipokea ni mkeo, Mama Zuhura. Haya, sasa shikamoo.

Nakuona ulivyovua kofia ya sare ukaiweka gotini. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yako, hukuwa na nyingine. Ivae kwanza, Mzee. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unigombeze.

Bado nalinda mnara uleule wa West Bay, hapa Doha, mlango uleule wa kioo. Nafasi yako amepewa Mganda mmoja, mtu mzima mwenye adabu zake, lakini hajui kukabidhi. Unakumbuka? Kila ulipokwenda kuswali adhuhuri, na kila nilipokwenda kula, hukukubali mtu aondoke hivihivi. Ulisimama wima ukasema, "Mlango salama, nakukabidhi." Nami sharti nijibu, "Nimepokea." Nikisahau unasimama palepale, unanitazama, hata kama wenzako wameshapanga safu. Mwanzoni nilidhani ni sheria ya kampuni. Kumbe ni yako tu, ulitoka nayo kwenye chuo chako kule Tanga, ulikokuwa unawafundisha watoto kukabidhiana misahafu. Huyu Mganda nikimwambia nimepokea, ananiuliza nimepokea nini.

Mengine yamebadilika. Treni ya chini ya ardhi imeanza, inapita huku kwetu, na ni safi mpaka unaogopa kukaa. Nchi jirani bado zimetufungia mipaka, ila tumeshazoea yale maziwa ya Kituruki uliyoyakataa. Na khuruji, Mzee! Kile kibali cha kutoka nchini ulichokiomba mama yako alipofariki, kikaja arobaini imeshasomwa, siku hizi watu kama sisi hatukihitaji tena. Siku niliyoipata habari hiyo niligeuka kukuambia. Nimegeuka hivyo mara nyingi tu, sijui nitaacha lini.

Televisheni ya pale mapokezi wameweka mpya, kubwa kama mlango. Siiangalii sana. Raha yake ilikuwa wewe. Kiingereza chako kiliishia kuwaelekeza wageni lifti, basi mimi ndiye nilikuwa masikio yako. "Nduku, mwanangu, bwana mkubwa kasemaje leo?" Bwana mkubwa alikuwa rais wa Marekani. Tangu binti yako Zuhura ashinde ile bahati nasibu ya makaratasi ya kuishi kule, uliifuatilia Marekani kana kwamba umeoa huko. Nami nilijifanya profesa. Wageni wakipungua nakutafsiria maandishi yanayopita chini ya picha, nawe unatikisa kichwa, unasema, "Ala! Makubwa haya."

Halafu ikaja siku ya duka. Zuhura alikupigia saa ya chai akakwambia kapata kazi dukani, mshahara mzuri, na duka lenyewe linauza bangi. Kihalali, ati. Jimbo lake limepiga kura, limeruhusu, duka lina leseni ukutani. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Bangi ina risiti, Nduku! Mtu ananunua bangi anapewa risiti!" Ulikuwa unajifuta machozi. Kisha ukaiokota kofia taratibu, maana mtoto hakupiga simu kukuchekesha. Alikuwa anaomba radhi yako, na bila radhi yako asingeingia pale.

Siku tatu ulikuwa unalitafuna jambo hilo. Mimi nikakueleza kwamba jimbo la Marekani ni kama kaunti zetu Kenya. Ukakataa. Ukasema hapana, ni kama Zanzibar. "Zanzibar wana rais wao, bendera yao, baraza lao. Lakini kuna mambo yao wenyewe na kuna mambo ya Muungano." Ukaniuliza swali moja tu, Mzee, na lilikuwa swali lenyewe hasa. "Sasa hili la bangi ni la jimbo au la Muungano?"

Sikujua. Lakini aki, mimi na kusema sijui! Mama yangu Machakos alishanichapa kwa ugonjwa huo na haukupona.

Siku ileile bwana mkubwa akatokea kwenye televisheni, anaulizwa habari ya bangi. Maandishi yakapita kwamba serikali yake ina kazi kubwa kuliko kuwafukuza watu katika majimbo yaliyokwisha kuruhusu. Nikakugeukia nikasema kwa furaha, "Mzee, Rais kasharuhusu." Maandishi yakaendelea kupita. Yakasema sheria ya taifa zima bado inakataza, na haijabadilika hata mstari. Niliyaona. Niliyasoma kwa macho yangu haya, na sikukutafsiria.

Sikukuficha. Nilidhani hayana maana! Sheria gani itabaki imesimama rais akishasema? Kwetu rais akisimama juu ya gari akatamka neno, jioni mawaziri wanahaha kulitekeleza. Kwenu ni vilevile, mlishazoea matamko. Na hapa Doha ndiyo usiseme. Sisi wawili, na miaka yetu yote ya kulinda mlango, hatukuwahi kufikiria kwamba kuna nchi ambako mkuu anaweza kusema jambo likabaki kuwa msimamo wake tu, akiondoka anaondoka nalo. Wewe ukasema, "Kama mkuu wa nchi karidhia, mimi nani?" Ukampigia Zuhura, ukampa radhi. Nilijisikia mtu muhimu sana siku ile.

Tulikuwa na miaka mizuri baada ya hapo, tusikatae. Picha alizokutumia, kavaa aproni nyeupe, nyuma yake chupa zimepangwa kama duka la dawa. Alikusimulia wateja wake, vikongwe wenye magoti mabovu wanaomletea keki. Wenzako wa bwenini kule Muaither uliwaambia binti yako yuko famasia, ukaniangalia kwa pembe ya jicho nisicheke. Siku ya mapumziko ulikwenda sokoni Souq Waqif ukamnunulia abaya, kubwa hata mimi nikaingia na nafasi ikabaki. Nikakwambia hii ni hema. "Atanenepa," ukasema, "Marekani wanakula." Ulisema uraia wake ukitoka atakuja Doha, utamtembeza Corniche kando ya bahari, halafu utamleta aone mlango wako. Mlango, Mzee! Watu wanaonyesha nyumba, wewe ulitaka kuonyesha mlango.

Kisha Marekani ikapata mkuu mwingine, na mwanasheria mkuu wake mpya akauondoa ule ulegevu wa kwanza. Zuhura alikuwa anajaza fomu za uraia. Akaenda kwa wakili, wakili akamwambia usizipeleke. Jimbo limeruhusu, sawa, na kodi ya duka imelipwa mpaka senti ya mwisho. Lakini uraia hautolewi na jimbo. Unatolewa na serikali kuu, na kwa serikali kuu mtu aliyeuza bangi ni mtu aliyeuza bangi. Akamwambia tena, usitoke nchini. Uwanja wa ndege nao uko chini ya serikali kuu. Ukitoka wanaweza kukukatalia kurudi. Zuhura akaacha kazi wiki ileile.

Ulipokea simu hiyo ukiwa kwenye chai. Ukarudi, ukasimama mahali pako, na kwa mara ya kwanza hukusema lolote kuhusu mlango. Baadaye sana ukasema, taratibu, "Uraia ni jambo la Muungano, Nduku. Na mpaka nao ni wa Muungano. Nilijua hili tangu shule." Nikangoja uniambie ni kosa langu. Hukuniambia siku ile wala siku nyingine. Afadhali ungenitukana.

Ulichosema ni kimoja tu, neno bangi lisifike Tanga. Vijana uliowafundisha Kurani wasisikie kwamba binti wa mwalimu wao aliuza bangi, tena kwa radhi ya mwalimu. Nikaapa kwa Biblia. Ukacheka kidogo, ukasema yatosha, nayo ni kitabu.

Miezi miwili baadaye moyo wako ukasimama. Ulizikwa hapahapa Abu Hamour, upesi, kwa desturi yenu, mimi sikuwahi. Zuhura akanipigia. Alikuwa ameshafunga sanduku, Mzee. Alitaka kuja, na kurudi kwake kuwe vyovyote vitakavyokuwa. Alikuwa analia kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia fungua sanduku, baba yako angekwambia ubaki. Sijui kama ungemwambia hivyo. Nilisema kama ninavyosema siku zote, kana kwamba najua.

Tanga wakasoma khitma ya arobaini, watu wakauliza mtoto yuko wapi. Hakuna wa kujibu. Zuhura alikaa kimya kwa ajili yako, nami nikakaa kimya kwa kiapo. Mdogo wako akarekodi sauti, ikazunguka kwenye simu zote mpaka ikanifikia huku: kaka yangu kafa ugenini peke yake, na binti yake yuko Marekani anakula raha. Mama Zuhura akaacha kupokea simu za mtoto wake. Si kwa wiki, Mzee. Mwaka umepita na zaidi. Idd zimekuja, Zuhura anapiga, simu inaita mpaka inakata.

Basi niambie wewe, ningefanyaje? Niliulea ule ukimya wako kama yai. Kila Ijumaa nikitoka kanisani, maana huku hata sisi tunasali siku hiyo ya mapumziko, na kanisa letu si liko hukohuko Abu Hamour, napita kwenye ukuta wa makaburi. Sijui kama naruhusiwa kuingia, sijauliza, nasimama nje nakupa habari za mnara. Ijumaa iliyopita nilisimama pale nikakosa habari. Nikaona haya kukwambia lifti ya tatu imeharibika wakati mkeo na binti yako wameharibikiwa. Nikatoa simu.

Nilimwambia yote. Duka, leseni, wakili, uwanja wa ndege. Nikamwambia kuhusu Rais, na maandishi niliyoyasoma nikayaacha. Nikasema, Mama, aliyepotosha ni mimi, mzee aliuliza vizuri. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita haloo, haloo, kama mwehu barabarani.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo mtoto alitaka kuja?"

Nikamwambia alikuwa amefunga sanduku.

Akaanza kulia. Mimi pia. Na katikati ya kilio, Mzee, nisikilize vizuri hapa, mkeo akasema, "Bangi? Mwaka mzima nalia nikidhani mtoto kanikana, kumbe ni bangi tu?"

Bangi tu! Lile neno tulilolificha mimi na wewe na Zuhura, watu watatu, nchi mbili. Uliogopa wanafunzi wako watasemaje, na mwenye uchungu hata hakulitazama mara mbili. Nilicheka na kulia pamoja, dereva mmoja akasimamisha gari kuniuliza kama niko sawa. Jioni Zuhura akanitumia ujumbe. Walizungumza na mama yake mpaka chaji ikaisha, wakachomeka, wakaendelea. Mdogo wako naye kaitwa, kapewa lake, na ile sauti aliyorekodi kaambiwa aifute. Kuhusu kosa langu, Mama Zuhura hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema nimpigie tena Ijumaa.

Usinikumbuke kwa ule uprofesa tu, Mzee wangu. Siku hizi nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui. Neno chungu, lakini nalisema, na Mganda ni shahidi.

Zuhura sasa anahudumia wazee majumbani. Wakili kamwambia asubiri miaka kadhaa ipite, kisha ajaribu tena, na hakumwahidi kitu. Atasubiri. Nami nimeomba kuongezewa mkataba. Abaya yako iko kwenye kabati langu, nimeifunga kwenye mfuko na karafuu. Siku atakayoweza kutoka na kurudi, mimi ndiye nitakayempokea uwanja wa ndege. Nitampitisha kwanza mlangoni kwako, aushike kwa mkono wake, halafu tuje Abu Hamour.

Lala salama, Mwalimu. Siku hiyo nitasimama wima pale ukutani, kofia kichwani, niseme kama ulivyonifundisha: Binti salama, nakukabidhi. Na unanijua, Mzee. Sitabanduka mpaka upokee.

Mwanao,
Nduku