Linux na Koti la Mwalimu Zefania

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Kaka Abuu kaondoka alfajiri na basi la Tabora kufuata karatasi na wino. Kaniachia steshenari, kaniachia Silvesta mpiga picha wetu, na kaniachia maneno ambayo nimeyatafuna siku nzima: nikirudi nitaamua nani akafungue duka letu la pili, la Kibaoni. Hakutaja jina. Lakini tuliokuwa tumesimama pale ni mimi na Silvesta tu.

Nalitaka duka lile. Nalitaka kweli! Nimechoka kuitwa "yule dada wa Abuu".

Na leo hii hii mashine zimeumwa tena. Mteja kaleta flashi, nikaichomeka, kufumba na kufumbua mafolda yote yamegeuka shotikati. Windows yetu ya kukraki, antivairasi nayo ya kukraki. Mlinzi wa wizi atalinda nini? Nusu ya asubuhi nawaomba watu radhi.

Jumanne, 23 Septemba

Nimefanya. Kazi za wateja nimezihamishia kwenye hadidiski ya nje, Windows nimeifuta mashine zote, nimeweka Linux Mint mahali pake. Nilikuwa nimeishusha siku nyingi kwa bando, naiogopa tu. Silvesta kaniangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ikiungua. "Dada Bushra, Kaka akirudi utamwambiaje?"

Nitamwambia ni ya bure, na si ya wizi. Waliotengeneza wenyewe wamesema chukueni, tumieni, gaweni.

Maoni yangu ya siku ya kwanza, kwa haki: mashine kuukuu inawaka haraka mpaka raha. Printa imetambulika yenyewe, hakuna CD wala maombi. LibreOffice, ndiyo Word ya huku, inafungua faili za Word vizuri ila majedwali yanahama kidogo, kama watoto wasiokaa kitini. GIMP, ile ya picha — nimetafuta pa kuchora duara mpaka nimetaka kulia. Aliyeipanga vile hajawahi kuwa na foleni ya wateja mlangoni.

Mama mmoja kauliza mbona Windows yetu imebadilika rangi. Nimesema imehama. Karidhika.

Jumatano, 24 Septemba

Balaa. Suti!

Nimezisahau suti. Hapa mtu anakuja na shati lake la shambani, Silvesta anampiga picha, halafu kompyuta inamvalisha suti. Ndiyo kazi yetu kubwa. Suti zenyewe zilikuwa kwenye folda moja, zimetoka Dar enzi hizo, na nusu ya wanaume wa Mpanda wamo ndani ya suti zile zile. Mimi nimehamisha kazi za wateja, folda la suti nimeliacha. Limekwenda na Windows.

Na aliyefika wa kwanza ni Mzee Ngusa, kutoka Kasekese, na mkewe Mama Lucia. Anataka picha kubwa ya ukutani. "Mnivalishe vizuri, binti yangu. Wajukuu waone." Silvesta angeweza kusema si nilikwambia. Hakusema. Namshukuru kwa hilo, ingawa ni mpinzani wangu.

Kwa jirani yetu Fundi Mohamedi kulikuwa na koti la kijivu kwenye henga, limetoka kupigwa pasi. Nikamwomba. Kasema, "Piga tu, picha haichakazi nguo." Silvesta kalipiga pale mlangoni penye mwanga mzuri. Nikalikata kingo kwa GIMP, polepole, ulimi nje. Nikalihifadhi. Nikalifungua tena kumvalisha mzee — mzee kasimama ndani ya boksi jeupe kama amefungwa kwenye katoni!

Kosa langu. Nimehifadhi JPEG kwa mazoea. JPEG haijui uwazi: pasipo na kitu inapaka rangi tu, iondokane na kazi. Nikarudia kwa PNG, inayoacha pasipo na kitu pawe wazi. Koti likakaa. Mzee Ngusa kainamia skrini, kaangalia sana. "Mabega haya ni yangu kabisa." Zile suti za Dar mabega yalikuwa ya mtu mwingine, siku zote. Mama Lucia kamwambia haya, umependeza, sasa na mimi nivalishwe.

Nimefurahi mno. Nimecheka peke yangu njiani.

Ijumaa, 26 Septemba

Koti limeshika mji. Nimebandika sampuli kioo cha mbele, sasa kila mtu anataka "lile la kijivu". Bodaboda, wanafunzi wa chuo, mwalimu mmoja wa pasipoti saizi. Silvesta anapiga, mimi navalisha. Tunafanya kazi vizuri tukiwa tumesahau Kibaoni.

Mkaka kaleta picha ya bibi yake imepita kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka uso umebaki ukungu. Nimemwambia amtafute mwenye nayo mwanzo, aitume kama dokumenti, sio kama picha. Nitaandika tangazo la hili ukutani, nimechoka kulisema. Mwingine kaleta ya aifoni, ile HEIC iliyokuwa ikitushinda siku zote. Mint imeifungua bila neno. Silvesta kasema "mh". Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jumapili, 28 Septemba

Kaka kapiga. Anaingia Jumanne. Kauliza mashine zikoje, nimesema zinakimbia. Si uongo. Lakini ya Linux sikumtajia.

Jumanne, 30 Septemba

Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Asubuhi kaja Mwalimu Zefania, anayefundisha sekondari, kuchapisha kadi za harusi yake. Jumamosi anaoa. Hakuingia. Kasimama nje mbele ya kioo, kasimama, kasimama. Nikatoka kumkaribisha.

"Dada, hilo ni koti langu."

Nikadhani anatania. Hatanii. Ndiye aliyelishonesha kwa Fundi Mohamedi, vifungo kavichagua mwenyewe, la harusi, hajalivaa hata siku moja. Na Mzee Ngusa analo ukutani. Bodaboda wanalo. Yule mwalimu wa pasipoti — meza moja naye pale shuleni! Hakupaza sauti, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nitaingia ukumbini watu waseme bwana harusi kaazima koti la studio."

Wala Fundi hakuniambia ni la nani, wala mimi sikuuliza. Koti lilikuwa kwenye henga, nikaona koti tu. Sikuona mtu. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Na hapo hapo Kaka Abuu akashuka kwenye bajaji na boksi la karatasi begani.

Ningeweza kupindisha. Nikaona nitachanganyikiwa zaidi. Nikasema yote mbele yao wote wawili: nimefuta Windows, nimepoteza suti, nimepiga koti la mtu bila ruhusa yake. Kaka kachungulia skrini. "Hii nini?" Linux, Kaka. "Na Word?" Ina ya kwake. Boksi likabaki begani.

Nikamkalisha Mwalimu karibu yangu. Nilikuwa nimehifadhi lile faili lenye matabaka, koti peke yake, vifungo peke yake. Nikageuza kijivu kikawa bluu nzito, nikafuta vifungo vyake nikaweka vya kawaida, kola nikaibadilisha. Mbele ya macho yake. Sampuli nikabandua. Kauliza, "Na zilizokwishatoka?" Hizo sizirudishi, Mwalimu. Ziko kwenye kuta za watu. Kumwambia hivyo kumeniuma.

Kafikiri. Halafu kasema basi Silvesta akampige picha yeye na bibi harusi hiyo Jumamosi, na kioo cha mbele kiwe chao, picha kubwa, koti lenyewe la kweli mwilini. Watu wajue lilikotoka. Nikasema na kadi nitazipanga kwa mkono wangu mpaka aridhike. Kacheka kidogo, puani. Kisha kachagua kadi.

Kaka kaingiza boksi ndani, kajishughulisha na karatasi zake mpaka jioni.

Jumatano, 1 Oktoba

Kaka kawahi dukani. Asubuhi kakaa kwenye mashine mwenyewe. Kachomeka flashi ya mteja, vile vijifaili vya virusi vikaonekana vimelala pale, havina pa kwenda maana ni vya Windows. Kavifuta kimoja kimoja, taratibu, nahisi anafurahi ila anajificha. Halafu kafungua barua ya zamani, jedwali limehama. Kasonya. Nikalirekebisha.

Kamgeukia Silvesta. "We unaionaje hii?"

Silvesta angenimaliza kwa sentensi moja. Kajifuta mikono, kasema, "Mwanzo sikuitaka, Kaka. Sasa sitaki turudi. Ila hiyo GIMP inahitaji mkesha wa maombi."

Kaka kacheka. Mara ya kwanza tangu arudi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mchana kapiga mwenye fremu ya duka la Kibaoni. Kaka kaweka sauti ya nje, mikono ina wino. Yule baba anasema kuna mwingine ameitaka, mkataba uandikwe leo, atumiwe jina la atakayekaa dukani. Kaka kamwambia subiri kidogo. Kafunika simu kifuani.

Kaniangalia. "Umeme ukikatika ghafla, hizi zako zinaumia?"

Nikasema zinaamka zenyewe, lakini UPS ya kushikilia umeme tununue, nisikudanganye.

Katoka nje na simu. Namwona kwenye kioo, anatembea huku na huku, anatikisa kichwa, sijui anakataa nini. Amerudi mlangoni, kaniambia nitafute kitambulisho changu cha NIDA, katoka tena.

Huenda ananitaka niwe shahidi tu: shahidi wa mkataba naye anadaiwa NIDA. Najua. Nimejiambia usianze, Bushra, tulia. Nimekaa hapa naandika ili nitulie.

Kaingiza kichwa tena: na pasipoti saizi. Sasa hivi.

Shahidi habandikwi picha; mpangaji ndiye.

Silvesta kasikia. Kaangalia chini, halafu kachukua kamera, kavuta kiti kwenye pazia. Anasema niweke kalamu chini, ninyanyue kidevu kidogo,