Unga wa Mvule

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake humsumbua asubuhi tu, na akishazunguka nyumba mara mbili na fimbo yake huanza kutugombeza sote, hapo tunajua siku imeanza vizuri.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba sanduku lako la zana nimpe fundi yeyote anayelihitaji kwa kuwa wewe na mbao mmeshaachana. Niliusoma nimesimama mlangoni mwa karakana. Miaka sita hujaligusa, lakini nilikuwa najidanganya kwamba linakungoja.

Hapa karakana mambo ni yaleyale. Mashine ya msasa ni ile uliyoninunulia, na mimi ni yuleyule uliyempa jina la Bibi Vumbi. Kila tukifunga kazi nafungua mfuko wa mashine na kukung'uta vumbi lake. La msumeno silitaki, lina chembe kubwa. Nataka la msasa, laini kama unga. Nalichekecha kwa kichujio cha chai ambacho Mama anaamini kilipotea, kisha nalitia kwenye chupa za jamu, kila mti na chupa yake. Mteja akileta kabati lenye tundu la msumari, nachanganya unga wa mti uleule na gundi mpaka uwe mzito kama dawa ya meno, naziba, nasubiri ukauke, napiga msasa. Tundu halionekani tena. Ulikuwa ukinitania kwamba siku moja nitapiga chafya na mali yangu yote itapeperuka.

Basi nilipanda kwenye dari kuliteremsha sanduku. Chini yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa gunia. Nilikijua kabla sijakifungua, maana mimi ndiye niliyekificha. Ni mguu wa kile kiti cha mvule ulichomtengenezea Mama.

Nimeanza sentensi hii mara tatu, kaka. Wiki ile uliyokwenda kufunga milango kwa mteja, uliniachia kiti nikipige msasa, wewe ukirudi ukikague kisha tukipake vanishi. Kwenye mguu wa nyuma, pale unapopokea ubao wa kikalio, niliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini ulikwenda ndani. Najua, na siku ile nilijua, kwamba unga huziba tundu, hauubebi mwili wa mtu. Mguu ule ulikuwa wa kutupwa. Mimi nikachukua chupa ya mvule, nikauziba, nikasema moyoni nione kama jicho la kaka litaliona hili. Nilikuwa nikutanie, kisha nikuambie.

Ulirudi, ukapitisha kidole gumba kwenye kila kiungo kama kawaida yako. Ulipofika pale hukusita. Ukasema nimekuwa fundi kweli. Sikuwahi kusikia neno hilo kutoka kwako, na nilitaka nikae nalo japo siku moja. Siku moja ikawa wiki, na Mama akawa ameshakikalia kiti.

Miezi minne baadaye mguu ulipokatika naye akaanguka akavunjika nyonga, mimi ndiye niliyeuokota mguu ule, nikawaambia nimeuchoma. Baba mdogo alipokwambia mbele ya watu kwamba fundi asiyeona ufa atafute kazi nyingine, nilikuwa nimeshika glasi ya maji ya Mama, na nilinyamaza. Wewe ulijibu tu kwamba ulipitisha kidole na hukuhisi kitu. Ulisema kweli, na mtu pekee aliyejua ni kweli alikuwa mimi. Nimekuona ukienda kulinda ghala la watu kwa sababu ya ukimya wangu. Naona aibu, kaka, na aibu yenyewe imechelewa.

Jana nilimweleza Mama yote. Aliisukuma chai yake kando. Kisha alisema msamaha wake nisiuombe kwanza, nikuandikie wewe. Baba mdogo nitamwendea Jumapili, nimwambie mbele ya walewale waliosikia.

Sanduku sitampa mtu. Randa zako nimezipaka mafuta, patasi nimezinoa. Ukitaka kuzigawa, uje uzigawe mwenyewe, na kama hutaki kuniona, niambie siku nami nitaondoka karakana.

Pamoja na barua hii nakutumia ule mguu. Umevunjika juu, lakini kipande cha ufa kimebaki chini yake. Kwa miaka sita unga umesinyaa na gundi imekuwa nyeusi. Pitisha kidole chako pale. Sasa utauhisi.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto.

Mimi mdogo wako,
Bibi Vumbi