Ukurasa wa Waliorudi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepangusa vyondo tena, vikapu vya katani anavyofuma Mama. Kila asubuhi ni hivyo. Vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi hukaa juu ya kila kitu, na kiondo chenye vumbi huonekana cha mwaka jana hata kama kimemalizwa jana. Natumia brashi ya viatu, ile laini.

Magari mengi yamesimama mbele ya kibanda chetu cha barabarani. Watu wanashuka, wanapiga picha za ziwa, wanashika kiondo, wanasema "nitarudi". Mama anasema Nitarudi ndilo jina la wateja wake wote.

Anti Njoki, dada yake Mama, amepiga simu kutoka Naivasha. Shamba la maua linaandika wafanyakazi mwezi ujao. Mama akienda atalala huko na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mimi nitahamia kwa shosho, bibi yangu. Mama amesema ataamua kabla shule hazijafunguliwa.

Sitaki aende. Sikuweza kusema. Nimeandika.

Jumanne, 5 Agosti
Kitabu cha biashara kutoka maktaba ya shule. Sura ya saba inasema wateja hupita kwenye faneli, kama ile ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Juu ni pana, chini ni nyembamba. Wengi hutazama, wachache huuliza, wachache zaidi hununua, na wachache kabisa hurudi. Kazi ya muuzaji ni kumshika mtu mkono kutoka hatua moja hadi nyingine.

Nimegawa daftari mara nne. Waliotazama. Waliouliza. Walionunua. Waliorudi. Nikamwonyesha Mama.

"Sasa unataka kuchuja watu kama majani ya chai?"

Lakini alikaa chini akanisaidia kukumbuka. Ukurasa wa Waliorudi una jina moja tu, Mama Keziah wa Rongai. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na kila mwaka aliagiza vyondo vya mkutano wao mkubwa. Mwaka jana hakuagiza. Mama hajui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti
Sura ya saba haisemi mtu mwenye haya afanye nini.

Nimefanya mazoezi ya sentensi moja nyuma ya kibanda. Kisha nikamwendea mama mmoja wa Nairobi nikamwomba namba ya simu. Sauti ilikwama katikati. Baba Chebet, anayeuza ngozi za kondoo kibanda cha pili, alikuwa anasikiliza.

"Msichana, unaomba namba ama unaomba msamaha?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama alicheka na akanipa namba.

Mchana nimegundua kitu. Nikiuliza "utanunua?" watu hutazama gari lao. Nikiuliza "kiondo hiki ni cha nani?" wanaanza kusimulia. Cha mama mkwe. Cha mwalimu anayestaafu. Cha binti aliyepata mtoto. Nimeandika kila mmoja na mtu wake. Namba tisa kwa siku moja. Mimi, ambaye darasani huinua mkono mara moja kwa muhula.

Jumamosi, 9 Agosti
Yule mama wa Nairobi ameagiza kiondo cha mama mkwe wake. Rangi ya kahawia na kijani.

Kiondo huanzia kitakoni. Mama hufunga nyuzi chache za katani katikati, kisha huzungusha, na kitako hukua kama chapati. Nimepiga picha kikiwa kidogo kama sarafu nikamtumia. Jioni nikatuma nyingine, kikiwa kama sahani. Amejibu kwamba amewaonyesha wenzake wote kazini. Wawili wao wameagiza.

Wengine barabarani hununua vyondo vilivyokamilika na kuvitundika tu. Mama husokota kamba yake mwenyewe pajani, mpaka ngozi ya pale imekuwa ngumu. Nilijua hivyo tangu zamani. Leo watu wasiomjua wameona mikono yake kwenye simu na kuisifu, na nilijivuna kama mikono ni yangu.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya kanisa nimemwandikia Mama Keziah. Nimeandika kwa uchangamfu, vile watu huongea wakikutana sokoni: "Habari yako Mama Keziah. Umepotea sana! Rudi, tunakungoja."

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Jumatatu, 11 Agosti
Amejibu. "Nani amekutuma? Mwambie sijapotea. Najua niliko." Kisha picha yake ikatoweka. Ameniziba, jumbe zangu hazimfikii tena.

Nimempa Mama simu. Amesoma mara mbili. Hakuelewa pia. Ni Baba Chebet aliyetueleza, maana kwao ni Rongai. Mama Keziah alikosana na wakubwa wa kanisa lake mwaka jana akatoka. Tangu hapo kanisani humwombea kwa jina mbele ya watu wote, kama kondoo aliyepotea. Wengine humwandikia jumbe. Rudi, tunakungoja.

Maneno yaleyale. Neno kwa neno.

Jumanne, 12 Agosti
Siwezi kula. Mama hajanigombeza, na hilo ni baya zaidi.

Amesema kosa langu ni kutoa neno mdomoni na kulitia kwenye simu. "Ukimwambia mtu umepotea, unacheka, unamshika mkono. Simu haicheki."

Anti Njoki amepiga tena. Wanataka majina Alhamisi ya wiki ijayo. Nimemsikia Mama akisema, "Weka langu tu." Amesema kwa upole, kama mtu anayeagiza chumvi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeenda Rongai. Baba Chebet alikuwa anapeleka ngozi huko na pikapu yake, na Mama amekubali. Sikubeba kiondo hata kimoja. Sikutaka aone nimekuja kuuza.

Mama Keziah alikuwa anapukuchua mahindi nje ya nyumba yake. Mwanamke mkubwa, mabega mapana. Nilimtajia kibanda cha Mama, naye akaniangalia mpaka nikasahau yote niliyopanga.

"Ni wewe uliniandikia nimepotea?"

"Ni mimi. Nilimaanisha umepotea kwa kibanda chetu."

Kisha akauliza kama nimetoka Kariandusi kuja kusema hivyo tu. Nikasema ndiyo, na pole. Sikumtajia Naivasha. Ingekuwa kumwomba.

Amenisogezea kigoda na hindi kavu. Tumepukuchua. Sijui ujasiri ulitoka wapi, lakini nilimuuliza kiondo chake cha kwanza kilikuwa cha nani. Akasimulia kwa muda mrefu. Kilikuwa cha Keziah mwenyewe, binti yake, alipoenda chuo Njoro. Alikibeba miaka mitatu. Akaingia ndani akakileta. Mkanda mmoja umekatika, na kitako kimeanza kufumuka.

Nikamwambia kwamba Mama hurekebisha kazi yake. Alikiweka tu kwenye mapaja yangu.

Hakuagiza kitu. Njia nzima nimekishika kama yai.

Jumamosi, 16 Agosti
Mama alikitambua kabla sijasema. "Hiki nilikifuma nikiwa na mimba yako." Alikigeuza, akapitisha kidole kila mshono, akatikisa kichwa kwa mshono mmoja ambao hakuupenda hata alipokifuma. Amefumua kitako na kukifuma upya. Mkanda mpya wa ngozi kutoka kwa Baba Chebet. Amefanya kazi siku nzima na hajataja bei.

Nimetuma picha tatu kwa Mama Keziah bila neno lolote. Tiki moja tu, hazijafika. Bado ameniziba. Nimetuma hata hivyo.

Jumatano, 20 Agosti
Leo nitaandika polepole ili nisikose chochote.

Saa nne gari dogo limesimama. Mama Keziah ameshuka, na nyuma yake wanawake wanne. Hawakutazama ziwa hata kidogo. Walikuja moja kwa moja. Mama akampa kiondo cha Keziah, na yeye akakigeuza juu chini, akatafuta mahali palipofumuka, asipapate. Akawapitishia wenzake.

Wanakutana kwake sasa, wanawake kumi na wawili. Wanaomba pamoja na kusaidiana mashambani. Wanataka vyondo kumi na viwili, kila kimoja na rangi ya mwenyewe. Na wanaume wasidhani wanaweza kubebea unga humo, mmoja akasema, na Baba Chebet akajibu kutoka kibandani kwake kwamba unga nao una heshima zake, hauingii kiondo chochote tu. Wamecheka mpaka mmoja akakaa chini.

Niliandika majina na rangi. Kisha nikawasomea yote kwa sauti.

Mama Keziah akaniambia, "Picha zako nimeziona, Mama yako alinitumia kwa simu yake. Mimi bado nimekuziba. Nilikuwa nataka kuona kama utachoka."

Kisha akatoa simu yake mbele yangu, akanifungulia.

Walipoondoka Mama alihesabu kwa vidole. Kumi na viwili. Vya Nairobi sasa ni saba. Kazi ya mpaka Krismasi kwa mikono miwili. Akampigia Anti Njoki hapohapo, amesimama katikati ya kibanda.

"Njoki, asante. Toa jina langu. Niko na kazi."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Kila mara husema "niko tu hapa kibandani". Niliinama kama natafuta kitu chini ya meza.

Mama Keziah amerudi na wenzake, na ukurasa wa nne, wa Waliorudi, umejaa. Nimelazimika kuandika pembeni.

Jumapili, 24 Agosti
Mvua kidogo baada ya kanisa. Katani tuliyoitia rangi inakauka chini ya paa. Mama anafuma, mimi nimesoma historia sura mbili.

Sare imepigwa pasi. Shule ni kesho.

Ameniuliza nitataka chai saa ngapi asubuhi. Nikamwambia saa kumi na moja. Akasema sawa, akaendelea kufuma.