Firigisi ya Mahari ya Neema

Mama Neema, mke wangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii ukiisikia umesimama utaanguka kwa kicheko. Binti yako amechumbiwa! Wakwe wametoka Manyoni Jumamosi, wamejaa gari zima, wakatoa mahari hapa hapa Ihanja, kwenye uwanja uliokuwa unaufagia wewe. Na mimi mumeo nimekula firigisi. Nusu, lakini wewe ihesabu nzima. Sikiliza.

Unanijua. Mimi ndiye yule dereva aliyeishia darasa la sita lakini amekula Lusaka, Lubumbashi na Kigali, na kote huko wapishi wakatoka jikoni kumtazama. Unakumbuka ile Krismasi niliyomaliza jogoo peke yangu, na ule mlima wa ugali wa uwele, halafu nikauliza chakula kiko wapi? Ukasema, "Baba Neema, hilo ni tumbo au gunia la alizeti?" Ulicheka, lakini macho yako hayakucheka. Na mwisho mwisho, ukiwa kitandani, ulinishika mkono ukaniambia, "Punguza, baba. Mwanetu asije akabaki bila wote wawili."

Sukari ilipanda, magoti yakagoma, tumbo likagusa usukani, likawa linapiga honi lenyewe. Basi mwaka jana nikaenda Dar, madaktari wakanikata mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Kijijini sikumwambia mtu ila Neema. Nilitangaza nimepungua kwa mazoezi! Asubuhi nakimbia hadi barabarani nionekane, halafu nakuja kujificha nyuma ya nyumba, nanywa uji kwa kijiko cha chai.

Nisikudanganye, niliteseka. Uji kwanza, kisha supu, kisha vitu laini. Nilipojaribu ugali ulinasa kifuani kama kizibo, wali ukarudi, nyama ya ng'ombe ndiyo usiseme. Unajua nini kilipita bila ugomvi? Mlenda! Ule mlenda wako niliokuwa nauita chakula cha vibogoyo. Siku mlenda huo ulipoteleza mpaka chini ukatulia, nililia pale mezani, nikakuomba msamaha kwa sauti.

Sasa hiyo Jumamosi. Unaujua ukoo wetu: baba wa binti asipokula firigisi mbele ya wakwe, amekataa mkwe. Neema akaileta, akaninong'oneza, "Baba, kata ndogo ndogo." Mimi? Mbele ya wageni wote wale? Nikatupia nusu nzima mdomoni, nikatafuna mara tatu kama zamani, nikameza. Ikanasa. Mate yakajaa, machozi yakanitoka, nikakimbilia nyuma ya nyumba ikarudi yote.

Niliporudi, baba mdogo wa kijana akaniuliza, "Mzee, tumekosea wapi? Kama kijana wetu hafai, tuambie tuondoke."

Nikamwona Neema kashikilia mlango. Mama Neema, majivuno yangu yote yaliisha pale pale. Nikafunua shati, nikawaonyesha makovu matano, madogo kama alama za chanjo. Nikasema, "Kijana anafaa sana. Tumbo ndilo halifai. Yale mazoezi ni uongo, nilipasuliwa."

Yule baba mdogo akanitazama, akavuta kigoda chake mpaka karibu yangu. "Tafuna taratibu, mkwe. Binti tumeshampata, haraka ya nini?"

Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka makovu yakauma. Nikaikata ile nusu iliyobaki vipande vidogo, nikatafuna kila kimoja mpaka kikawa uji. Ugali wao ukapoa, hakuna aliyegusa, wananisubiri! Kilipopita cha mwisho, Neema akapiga kigelegele chako kabisa, kile kinachokatika katikati, nikageuka kukutafuta.

Siku hizi, mke wangu, nashiba kwa matonge manne. Lakini kila tonge nalisikia. Kumbe uwele una utamu ule! Ulinipikia miaka yote ile, nami nilikuwa namaliza sahani bila kuonja.

Harusi ni baada ya mavuno. Nitamsindikiza mwenyewe, kwa miguu yangu, na suruali ya harusi yetu, amini usiamini, imenienea. Ulisema asibaki bila wote wawili. Hajabaki, mama.

Ni mimi mumeo, mwembamba sasa, ukiniona usinipite,

Baba Neema