Skii Pana, Paa la Nusu Mbili

Alhamisi, 1 Februari

Baba kaniita kitandani asubuhi. Nyonga yake haijapona tangu aanguke kutoka juu ya paa la nyumba yetu ya malishoni kule Beshumi mwaka jana, na safari hii hawezi kupanda. Amesema paa la upande wetu limebeba theluji ya kina cha mtu mzima. Habari kaleta Tamazi, dereva wa mtambo wa kushindilia theluji. Alipita huko juzi. Anasema nyumba imeinama.

Bila shaka imeinama. Babu alijenga nyumba moja ya mbao, ya kukaa na ng'ombe wakati wa kiangazi. Wanawe wawili, baba na Ami Dursuni, wakagombana juu ya malisho, wakaigawa kwa ukuta wa ndani. Miaka kumi na tisa sasa. Tangu hapo kila mmoja anaondoa theluji ya nusu yake tu. Ami Dursuni alipanda wiki iliyopita, akasafisha upande wake hadi kwenye mgongo wa paa, akakata wima kama anakata mkate, akashuka zake. Wetu akauacha na mzigo wote. Kijiji kizima kinajua paa husafishwa huku kidogo na kule kidogo, la sivyo uzito unasukuma kuta. Wao ndio wanaojua kuliko wote. Lakini ni wao.

Nikasema nitakwenda mimi. Mama akaacha kukanda unga.

Baba akauliza nitafikaje. Nikasema kwa skii zangu, zile za kutelezea kwenye theluji.

"Zile mbao?"

Zile mbao. Ndiyo.

Ijumaa, 2 Februari

Habari zinakimbia kuliko mimi. Baada ya swala Ami Dursuni alikuwa amesimama nje ya msikiti na wenzake. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha akawageukia watu.

"Nasikia Aslani anamtuma binti akapande paa. Tena na mbao za kuanikia mikate."

Wakacheka. Ami ana miaka sitini na sita na bado anajihesabu mwanamichezo. Ujanani aliteleza kwenye theluji kwa ajili ya timu ya wilaya, na skii zake za wakati ule, nyembamba kama rula, anazo hadi leo. Akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Skii ni wembe, mwanangu. Wewe umevaa milango."

"Milango yangu inaelea, ami. Wembe wako unazama."

Wakacheka tena, sijui wakimcheka nani. Yeye hakucheka. Akasema nikifika juu nisiguse upande wake.

Nyumbani baba naye: nisiguse upande wa Dursuni hata kwa ncha ya beleshi, asije akadai tumemwekea mkono kwenye mali yake. Maneno yale yale! Wangekuwa na macho ya kujiona, wangechekana.

Nina miaka thelathini na nne. Msimu wa tano huu naongoza wageni kwenye mlima huu huu. Lakini hapa kijijini mimi ni binti aliyevaa milango.

Jumamosi, 3 Februari

Nimezijaribu leo, kwa kuwa sitaki kujidanganya. Skii hizi aliniachia mgeni mmoja wa Austria, zilikuwa zimebanduka ukingo wa chuma nikazitengeneza mwenyewe. Katikati ni pana kuliko kiganja changu na vidole vimekunjuliwa.

Kwenye theluji iliyoshindiliwa: nzito, zinachelewa kugeuka. Unaziambia kushoto, zinafikiri kwanza. Kwenye barafu: mbaya. Ukingo hauumi, magoti yanauma. Hapo ami ana haki na sitamwambia.

Kwenye theluji laini chini ya misonobari: ncha zinajiinua zenyewe, sihitaji kuegemea nyuma wala kupigana. Nimeteremka mara tatu nikicheka peke yangu. Hakuna mtu atakayeniambia kuwa hicho si kitu.

Jumapili, 4 Februari

Theluji inaanguka tangu alfajiri. Mtambo wa Tamazi haujatoka. Baba anauliza kila saa theluji imefika wapi, kana kwamba akiuliza itasimama. Mama amenifungia jibini, siagi na mkate wa mahindi wa siku nne. Hajasema nisiende. Amesema nivae soksi mbili.

Jumatatu, 5 Februari

Nimefika. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni upande wetu, jiko limewaka.

Tamazi alinifikisha kwenye mapito ya juu. Zaidi ya hapo mtambo hauendi wakati theluji haijatulia. Akanipa redio ya mkononi na kuniambia nisijifanye shujaa. Nikabandika mikanda ya manyoya chini ya skii ili zisirudi nyuma, nikapanda kufuata tuta. Njia ya mkato ya bondeni nimeiacha kwa makusudi, upepo ulikuwa umejaza theluji ukingoni mwake na sikuipenda sura yake, ingeweza kuporomoka.

Juu ya tuta upepo ulikuwa umekwangua kila kitu. Ngumu kama sahani. Skii pana zikaanza visa: kila hatua kifundo cha mguu kinapindishwa, skii ya chini inateleza nje. Mita mia mbili zikanichukua karibu saa nzima. Nilitukana. Nilimtukana na yule Mwaustria. Nikamsikia ami masikioni, wembe, milango, na nikakataa kuzivua. Ningezivua ingekuwa rahisi zaidi, najua. Sikuzivua.

Kisha mteremko wenyewe. Nikabandua manyoya. Theluji ya jana, kavu, juu ya magoti, haijaguswa na mtu. Nikaachia — ikanipokea. Skii zikazama kidogo, zikapanda, zikakaa pale juu zikipumua. Nikageuka mara nane tu kwa mteremko wote. Mtu wa skii nyembamba angegeuka mara thelathini na kumeza theluji kwenye kila moja. Mimi nilikuwa naimba. Vibaya, lakini naimba.

Msituni chini mambo yakabadilika tena. Juu ganda jembamba, chini yake laini. Hilo ndilo huvunja watu: unakanyaga, ganda linakubali, kisha linakataa. Nikaweka uzito sawa miguu yote miwili, skii karibu karibu kama ubao mmoja, sikukata kona kali. Ganda likapasuka mara mbili tu. Sikuanguka.

Nyumba imeinama kweli. Mlango wetu umebanwa, nimeingia kwa dirisha. Nilianza kazi saa saba mchana na sasa mkono hautaki kushika kalamu vizuri.

Jumanne, 6 Februari

Beleshi tangu asubuhi. Theluji ya chini imelowa, nzito, naikata vipande kama matofali na kuvisukuma. Upande wetu nimeumaliza saa tisa. Mlango umefunguka wenyewe nilipoushika, nikalia kidogo. Kwa furaha, andika hivyo.

Upande wa ami sikugusa. Hata kwa ncha.

Nimempigia Tamazi kwa redio amwambie baba. Akaniletea jibu: baba anauliza kama nimefika hadi kwenye mgongo wa paa kabisa. Si "ahsante". Kabisa.

Jumatano, 7 Februari

Upepo. Umevuma tangu usiku kutoka magharibi, na umefanya kitu ambacho hakuna aliyekipanga: umezoa theluji yote ya upande wetu wa nje, ukairusha juu ya paa, ukailaza upande wa Ami Dursuni. Tena si laini. Imeshindiliwa na upepo, nikiigonga inatoa sauti ya ngoma. Imefika kiuno changu na inaongezeka.

Upande wetu mtupu. Wake umejaa. Nyumba sasa inaanza kuegemea kule. Boriti ya kati imelia mara mbili, sauti ya mlango wa zamani.

Nimesimama pale juu na beleshi mkononi muda mrefu. Baba kakataza. Ami kakataza. Wote wawili wako bondeni, wamekaa karibu na majiko yao, na mimi ndiye ninayelala chini ya boriti hii. Nikasema nitaanza. Nikasema nitamwomba kwanza, niwe na adabu mara ya mwisho.

Nikamwambia Tamazi kwa redio: mwambie ami upande wake umejaa, nyumba italala, aniruhusu nisafishe. Jibu limechukua saa mbili. "Anasema usiguse. Anasema anakuja mwenyewe kesho."

Kwa skii zipi? Nimeuliza. Tamazi akasema, "Unamjua."

Namjua.

Alhamisi, 8 Februari

Saa nane mchana. Naandika haraka.

Nilianza kumtazamia tangu saa tatu. Tamazi alimshusha kwenye mapito. Hakufuata tuta. Alipita njia ya barabara, iliyofunikwa na theluji, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Saa tano nikamwona pale msitu unapoishia: mtu mdogo mweusi, anakwenda, anasimama. Anakwenda. Kisha hakwenda tena.

Nikavaa skii nikashuka. Chini ya theluji mpya kulikuwa na lile ganda. Skii zake nyembamba zilikuwa zimelitoboa na kuingia chini yake, ncha zote mbili, kama mtu aliyesukuma miguu chini ya zulia. Alipoanguka mbele ncha zikabaki. Goti limepinda. Alikuwa amezama hadi kiunoni na uso umekuwa wa majivu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nimepumzika tu."

Nikamchimba kwa mikono na ubavu wa skii. Skii moja tumeitoa, nyingine tumeiacha, imo humo bado. Kusimama aliweza, kutembea hakuweza: kila akiweka mguu unatumbukia. Kumbeba siwezi, ana kilo tisini. Basi nikatengeneza njia. Nikapanda hadi nyumbani nikikanyaga pembeni, hatua ndogo ndogo, skii zote mbili zikishindilia. Nikarudi. Nikapanda tena. Mara ya tatu njia ilikuwa pana kama meza, ngumu ya kutosha mtu kutambaa, na mahali pengine kusimama. Mbao za kuanikia mikate. Sikusema. Niliitaka sana hiyo sentensi na sikuisema.

Alipanda akiniegemea bega, mguu mmoja. Karibu saa nzima. Katikati akasimama akatazama chini kwenye ile njia, akaikanyaga kwa kisigino kuipima. Akaendelea.

Sasa amekaa upande wake wa ukuta, mimi upande wangu. Mlango wake ndio uliobanwa leo, amepitia kwetu, kisha kwenye kile kijilango cha ukutani walichosahau kuziba. Nimempelekea chai na jibini iliyoyeyushwa kwenye siagi. Amekula yote. Goti limevimba kama kichwa cha mtoto.

Boriti imelia tena. Ndefu safari hii. Vumbi likadondoka kwenye chai yake.

Nikamwambia napanda. Akasema nisubiri, goti likipoa atapanda mwenyewe. Nikasema goti halitapoa kabla ya boriti. Akasema ule ni upande wake. Nikamwambia, na sauti yangu ilipanda: "Ami, baba alivunjika nyonga kwa upande wake, wewe umevunja goti kwa upande wako, na nyumba haijui nani ni nani. Mimi si wa upande wa mtu. Napanda."

Nikafikiri nimemwua kwa aibu. Nilijuta kidogo tu.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kutoka kule upande wa pili kwamba mbao za paa lake zimeoza chini ya theluji. Tangu miaka miwili. Hakumwambia mtu. Ukikanyaga kwa miguu unatumbukia hadi kwenye jiko; wiki ile yeye alisafisha akiwa amelala juu ya ngazi.

Ndiyo maana hakutaka niguse. Miaka yote hiyo nilidhani ni kiburi. Ni kiburi pia.

Nikamwambia sitakanyaga kwa miguu. Nyuma ya nyumba theluji imefika ukingo wa paa, nitapanda nikiwa na skii, uzito wangu utatawanyika, nitaanza juu kabisa kwenye mgongo na kushusha kidogo kidogo. Akauliza upana wa skii ni kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia mara ya kwanza.

Nimeshavaa viatu. Anga limefunga, itaanguka tena kabla ya jioni. Kamba ya ng'ombe nimeipitisha juu ya mgongo wa paa, ncha moja nimejifunga mimi, nyingine imeingia kwa dirisha letu. Ami amejikokota hadi kwenye dirisha letu, amekaa chini na kuegemeza mguu ulio mzima ukutani. Anasema hajanipa ruhusa. Anarudia, hajanipa ruhusa, na huku anajifunga ile ncha nyingine kiunoni.