Mtoto wa Arobaini

Shosti, acha unachofanya usome hii. Leo nimeaibika mpaka nikasahau jina langu.

Si unajua chuo kinataka watoto arobaini kwenye kitabu changu ndiyo nifanye mtihani wa ukunga. Na mtoto hahesabiwi mpaka umpokee kwa mikono yako mwenyewe. Nilikuwa na thelathini na tisa.

Sasa leo kuna mama anajifungua mtoto wa tano. Namhimiza, vuta pumzi mama, vuta pumzi. Kumbe mwenyewe sivuti. Kizunguzungu kikanishika.

Unajua aliniambia nini? Katikati ya uchungu? "Mwanangu, vuta kiti ukae. Mimi nimeshazoea, wewe ndiye unayenitia wasiwasi."

Nikakaa. Nakuapia, nimemdaka yule mtoto nimekaa kwenye stuli kama muuza karanga.

Msimamizi wetu, yule asiyejua kucheka, anaingia. Mtoto yuko kifuani kwa mama, analia vizuri tu. Na mama ananipepea. Kwa kitabu changu. KITABU CHANGU.

"Mgonjwa ni yupi hapa?"

Nikajua kwisha habari yangu.

Mama akamjibu, "Msainie mtoto wa watu. Mikono ilitetemeka, lakini haikuachia."

Msimamizi akachukua kitabu, akasaini. Nimekuja kujifungia chooni ndiyo nikasoma alichoandika kwenye maoni: "Mama, mtoto na mkunga wanaendelea vizuri."

Mkunga, shosti. Miaka mitatu huyu mtu ananiita "wewe hapo".