Kwa Hamira, Aliyeanzisha Mbio za Mkate

Umetimia mwaka leo, baba, tangu ulipoingia majini na viatu vyako miguuni na usitoke.

Tanuri bado linawashwa alfajiri. Siku hizi mama ndiye anayeliwasha, nasi wanao tunakanda kwa zamu. Mikate inatoka, inauzwa, ila wateja wanasema haiumuki kama ya Hamira. Tunawaambia kila kitu ni kile kile. Wanatutazama tu, wanalipa, wanakwenda. Jina hilo walikupa wao, kwa kuwa kikao chochote ulichoingia hakikubaki kimelala. Hata mama, siku ulipomuudhi, alikuita hivyo hivyo: "Hamira, leo umezidi kipimo."

Wapo watakaosoma haya ambao walikujua kwa picha ya kwenye bango tu. Acha tuwasimulie, nawe sikiliza, utukatize tukikosea kama ulivyozoea.

Mwaka wa mafuriko makubwa daraja la zamani lilikatika, mji ukawa vipande viwili. Upande huu kulikuwa na tanuri lako, upande ule hospitali juu ya mlima, na katikati mkono wa bahari uliojaa magogo. Mashua zilikatazwa kuvuka. Wakati huo ulikuwa kijana, hujaoa, na kichwa chako kilikuwa kigumu kuliko mkate wa juzi. Ulisikia wagonjwa wanalala na njaa. Ukajaza mikate kwenye pipa la plastiki, ukabana mfuniko kwa mpira wa tairi, ukajitosa, ukaogelea huku unalisukuma pipa mbele yako. Ng'ambo uliazima baiskeli ya muuza mkaa. Ulipofika chini ya mlima mnyororo ukakatika, ukabeba pipa begani ukakimbia.

Mlangoni mwa wodi nesi mmoja alikukagua ulivyolowa, na goti linavuja damu. Akauliza, "Wewe ni mgonjwa au umeleta mkate?"

"Vyote viwili," ulijibu. "Lakini anza na mkate."

Nesi huyo ndiye mama yetu.

Mwaka uliofuata, siku ile ile, rafiki zako walikutania urudie kama kweli wewe ni mwanamume. Ukawaambia, "Sirudii peke yangu. Njooni wote." Ndivyo zilivyoanza Mbio za Mkate: unaogelea hadi ng'ambo, unapanda baiskeli, unamaliza kwa miguu, na ukifika mlangoni mwa hospitali unapewa mkate wa moto, uwe wa kwanza au wa mwisho. Mara ya kwanza walikuja watu wa kuhesabika. Fundi cherehani alishona namba kwenye vitambaa, mvua ikanyesha, wino ukachuruzika, na kila mtu akadai yeye ndiye namba moja. Polisi wa kituo cha sokoni alishiriki na baiskeli ya mwanawe, magoti yakigonga kidevu. Mwaka wa tatu alishinda mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyemdhania, na wanaume wa mji huu walikaa kimya wiki nzima.

Bibi, mama yako mzazi, hakuja kutazama hata mara moja. Ulimbembeleza, akakataa. Alisema, "Maji yaliyokupisha siku moja ulipokuwa na shida, usiyaendee kwa mchezo." Ukamwambia anazeeka vibaya. Alikufa na msimamo wake.

Miaka ikapita, mbio zikakua kukushinda. Daraja jipya lilipoanza kujengwa, kuogelea kulihamishiwa ufukwe wa wazi, nje ya mkono wa bahari. Barabara ikatiwa lami. Wakaanza kuja watu wa mbali na baiskeli nyepesi kama kiti cha plastiki, na vidude vya kupima muda vimefungwa kwenye vifundo vya miguu. Wewe uliacha kushindana kiuno kilipokukatalia, ukabaki mlangoni mwa hospitali na kikapu chako. Washindi hukuwajali sana, walikuwa na watu wao wa kuwapiga picha. Ulikuwa ukiwangoja wa mwisho, wale wanaofika wanachechemea wakati maturubai yanakunjwa. Ulikuwa ukimtengea kila mmoja mkate wake ndani ya taulo, usipoe.

Mwaka jana zilitimia mbio za thelathini. Mwenyekiti wa kamati alikuja sebuleni kwetu na wenzake wawili, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Mzee, safari hii turudi mwanzo," alisema. "Waogelee pale pale ulipoogelea wewe, chini ya daraja. Na filimbi ya kuanzisha upulize wewe. Tutakuvisha koti la heshima."

Tulikuona ulivyofurahi, baba. Ulijaribu kuficha kwa kumimina chai, ukaimimina hadi kwenye kisahani.

Mdogo wako, baba mdogo mpiga mbizi, anayekagua matumbo ya meli bandarini, alikuwepo. Aliweka kikombe chini. "Kaka, pale si pale tena. Daraja hili nguzo zake ni nene. Maji yamebanwa, bahari ikianza kupwa yanatoka kwa hasira."

"Wataogelea kabla hayajaanza kutoka."

"Siku hizi yanageuka yanapotaka. Sina cha kukuonyesha, ila nikipita pale mwili wangu unakataa."

"Wewe tangu utotoni ukiona dimbwi unaona papa," ulisema, na wageni wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alichukua kofia yake akaondoka, na hamkusemezana tena mpaka siku ya mbio.

Kamati ikatia boya la kwanza la kuonyesha njia. Asubuhi yake lilikutwa upande wa pili wa daraja, limekwama kwenye matope. Ulisema kamba ilikuwa imeoza. Likatiwa jingine kwa kamba mpya, nene kama kidole gumba. Mchana mmoja ukaenda kulitazama mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Mama alikuona uliporudi. Ulipita mlangoni bila salamu, wewe uliyekuwa ukimsalimia hata paka. Ukakaa juu ya gunia la unga, kisha ukainuka ukaanza kukanda donge lililokuwa limeshakandwa. Alikuuliza, "Kuna nini?"

"Uchovu tu."

"Uchovu gani wa kukanda kilichokandwa?"

Jioni ulivaa shati safi ukaenda kwa mwenyekiti. Ulirudi mapema, ukala kidogo, ukalala umeelekea ukutani. Mlichozungumza huko hatukukijua mpaka ulipokuwa kaburini.

Siku moja kabla ya mbio ulimkuta kitindamimba wako anajaza upepo tairi za baiskeli yake. Alikuwa amejiandaa mwaka mzima. Ulisimama nyuma yake muda mrefu. "Mwanangu," ulisema, "mwaka huu si lazima."

"Kwani nimezeeka mimi? Au unaogopa nitavunja rekodi yako ya pipa?"

Ukacheka naye. Ukamshikia pampu.

Na siku yenyewe ikafika. Tunaikumbuka kwa utulivu wake. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha vitambaa. Maji yalikuwa laini, mtu angeweza kujitazama uso. Watu walijaa darajani, wengine wamewapakata watoto juu ya vizuizi, na chini ufukoni kofia za njano za waogeleaji zimejipanga zinangoja. Ulivikwa koti la heshima, likakubana mabegani. Ukapewa filimbi.

Hukuipuliza mara moja. Uliishika mdomoni ukatazama nguzo za daraja, moja baada ya nyingine. Watu walidhani unaonja utamu wa siku yako, wakaanza kupiga makofi. Baba mdogo alikuwa kwenye boti ya uokoaji, amesimama, anakutazama wewe na si maji. Anasema mlikutana macho. Anasema alitikisa kichwa.

Makofi yakazidi. Ukapuliza.

Wa mbele walivuka salama. Tulishangilia. Ndipo kofia za katikati zikaanza kupinda, taratibu, kama kundi limeamua kubadili njia. Hakuna aliyepiga kelele kwanza, kwa kuwa ilionekana ni kitu cha kupangwa. Kisha watu wa darajani wakaziona zinawajia chini ya miguu yao, zinaongeza kasi, na sauti ya maji kwenye nguzo ikabadilika.

Wewe ulikuwa umeshaingia. Na koti, na viatu. Mtu uliyeshindwa kupanda ngazi bila kushika kiuno ulikata maji yale kama ulivyokuwa kijana. Sauti yako ya kuuzia mikate mitaani ilisikika mpaka juu: "Msipigane nayo! Yaacheni yawapeleke, mshike nguzo! Shika nguzo!" Boti ikatupa kamba. Wewe ulikuwa ukimkamata mtu kwa mkono, kwa kofia, kwa chochote, unamsukumia penye kamba, unamrudia mwingine. Baba mdogo alikuwa upande wa pili akifanya vile vile, na wale mliowavuta kutoka kwenye maji yale wanasema mlikuwa mkiitana. "Kaka, huyu!" "Nimemwona, chukua yule!" Maneno yenu ya kwanza baada ya wiki zile zote.

Kitindamimba wako alikuwa amebanwa kati ya nguzo mbili, maji yanampanda kichwani. Anatusimulia kwa shida, na si mara nyingi. Ulimfikia kwa chini, ukamwekea mgongo wako, akapanda kwenye kitako cha nguzo. "Shika hapa," ulimwambia. "Usinitazame mimi, tazama juu." Akatazama juu. Alipotazama chini hukuwepo.

Wote waliovutwa na mkondo walitoka hai. Baba mdogo alizama na kuibuka, akazama na kuibuka, mpaka wenzake wakamkamata kwa nguvu, akawaponyoka akazama tena. Alasiri alikuleta. Koti lilikuwa limenasa kwenye chuma cha nguzo.

Siku ya tatu ya msiba mwenyekiti alikuja, akapiga magoti mbele ya mama. Alisema ulikwenda kwake jioni ile ukamwambia umeliona boya: kamba mpya haikukatika, boya lilikuwa limevutwa lote chini ya maji, saa ambayo maji yalipaswa kuwa yamesimama. Ulimwomba aahirishe. Naye akakujibu, "Mzee, mbio ni zako. Tangaza wewe, mimi nitakuunga mkono." Anasema ulilitazama koti la heshima lililotundikwa nyuma ya mlango, ukasema basi, pengine utakuwa umekosea.

Tungeweza kulinyamazia hili, baba. Jirani mmoja alitushauri tulinyamazie. Lakini wewe hukutulea kwa kutukatia upande mzuri wa mkate tu. Ulikuwa na woga wa kuwavunja watu moyo, na kidogo ulipenda kushangiliwa. Ulikosea, kisha ukalifuata kosa lako mpaka chini ya daraja, ukalitoa mtu mmoja mmoja. Tunakupenda kwa yote mawili, na hatuwezi kuyatenganisha.

Mwezi uliopita kamati ilirudi sebuleni. Wanataka mbio ziendelee, kwenye ufukwe wa wazi, na zipewe jina lako. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mbio ziendelee," alisema. "Jina lake msiliweke."

"Mama, ni heshima kwake."

"Heshima ndiyo iliyomfunga mdomo." Alisema bila kupandisha sauti. "Mkitaka kumkumbuka, mtafuteni mtu mmoja ambaye akisema hapana, hakuna wa kumpinga. Mumpe mamlaka hayo mbele ya watu wote."

Waliulizana nani. Kitindamimba wako, ambaye tangu siku ile hata beseni la kufulia analijaza nusu, akasema kutoka mlangoni, "Mimi."

Tangu hapo huenda ufukweni kila asubuhi na baba mdogo. Hukaa juu ya mawe, wanatazama maji. Wiki hii upepo umegeuka, na bahari imeanza kutupa mwani mweusi mpaka barabarani. Wageni wameshafika, nyumba za kulala zimejaa, mabango yametundikwa. Jana alirudi, akanawa miguu, akampigia simu mwenyekiti mbele yetu.

"Kuogelea hakuna mwaka huu. Baiskeli na mbio tu."

Tulisikia sauti ya mwenyekiti ikipanda, ikishuka, ikibembeleza. Watu wametoka mbali. Bahari inaweza kutulia. Watamtukana, mji mzima utamtukana, yeye na jina la baba yake.

"Wacha wanitukane," alisema mwanao, "wakiwa hai."

Akakata simu. Mama akampa donge la unga akande.

Unakumbukwa na mkeo. Na mdogo wako mpiga mbizi. Na sisi wanao, wakwe zako na wajukuu, pamoja na yule uliyemwacha tumboni, ambaye sasa anasimama kwa kushika viti. Na wafanyakazi wa tanuri. Na wote uliowasukumia kwenye kamba, ambao huja dukani, hununua mkate mmoja na kukaa muda mrefu.

Pumzika pema, Hamira wetu. Maadamu tupo, utatajwa.